Kilebu si mwanasesere

Katika shule zetu za msingi ni nadra kumpata mwanafunzi asiyeweza kukutajia majina ya vikembe vya wanyama. Mwulize mtoto wa ng'ombe aitwaje, atakujibu ndama. Wa kuku? Kifaranga. Wa simba? Shibli. Wa mbwa? Kilebu. Orodha hiyo imekaririwa miaka nenda miaka rudi, na katika kipindi chote cha mtihani wa KCPE, kuanzia 1985 hadi 2023, wengi walijichumia alama kwayo. Mimi ni mwalimu wa isimu, wala sithubutu kuudharau msamiati. Lakini hebu mwulize mtoto huyo huyo maswali mengine matatu. Kilebu huachishwa ziwa akiwa na umri gani? Huchanjwa lini? Akikuuma utafanyaje? Hapo kimya hutanda. Tumemfundisha mtoto jina la kiumbe, kisha tukamwacha kiumbe mwenyewe nje ya mlango wa darasa.

Nimeona vyema kuliandika suala hili kwa sababu ya swali nililoulizwa na mwalimu mmoja wa Garsen, katika Kaunti ya Tana River. Jamaa yake alimletea kutoka Nairobi kilebu wa jamii ya Chihuahua, mdogo kiasi cha kuenea katika viganja viwili vya mkono. Wanafunzi wake walikuwa wakifika nyumbani kila jioni kumtazama na kumpokezana. Mwalimu alitaka kujua mbwa wa aina hiyo aitwe nani kwa Kiswahili, maana kila aliyemwona alimwita mbwa wa kuchezea. Swali lilikuwa la lugha, lakini jibu lake, kwa maoni yangu, linavuka mipaka ya lugha.

Kwanza tuijue asili ya viumbe hawa. Mbwa wadogo mno hawakuzuka jana. Chihuahua amepewa jina la jimbo moja la Meksiko, na uzito wake akishapevuka kwa kawaida hauzidi kilo 3. Pekingese alitunzwa katika makasri ya wafalme wa Uchina, akaingia Uingereza baada ya majeshi ya Waingereza na Wafaransa kuliteka na kulipora Kasri la Kiangazi la Beijing mwaka 1860. Mmoja wa mbwa waliochukuliwa siku hizo alitunukiwa Malkia Victoria, naye akapewa jina la Looty, jina lililotokana na neno la Kiingereza lenye maana ya mali ya uporaji. Yorkshire Terrier naye, ambaye leo hufungwa utepe kichwani na kubebwa mkobani, alikuzwa na wafumaji na wafanyakazi wa viwanda wa kaskazini mwa Uingereza katika karne ya 19, na miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuua panya. Kwa hivyo si kila mbwa mdogo alizaliwa kuwa pambo. Wengine walikula kwa jasho lao.

Waingereza huwaweka mbwa hawa katika kundi lenye jina la vitu vya kuchezea. Wachuuzi wamekwenda mbali zaidi, wakabuni jina la mbwa wa kikombe cha chai kwa wale wadogo kupita kiasi, ilhali hiyo si jamii ya mbwa inayotambuliwa na vyama vikuu vya wafugaji. Ni jina la sokoni tu, na mara nyingi wanaouzwa kwalo ni vilebu waliozaliwa dhaifu kuliko ndugu zao. Jina likishakubalika, tabia hulifuata. Anayeambiwa kwamba hiki ni kitu cha kuchezea, atakichezea.

Sarufi ya Kiswahili ina la kutuambia hapa. Nomino zinazotaja viumbe wenye uhai, hata zikiwa na umbo la KI-VI, hupatanishwa na viambishi vya A-WA. Twasema kifaranga amekufa, kiboko amezama, kilebu analia. Lakini tukimdunisha kiumbe huyo, upatanisho hubadilika papo hapo: kijibwa kinalia, kijitoto kimeanguka. Uhai umetolewa katika kitenzi, kikabaki kitu. Na tazama kinaya kilichopo: mwanasesere, ambaye ni kitambaa kilichoshindiliwa pamba, hupewa upatanisho wa mwenye uhai. Twasema mwanasesere amepotea, mwanasesere amepatikana. Asiye na roho amevikwa roho, na mwenye roho amevuliwa. Ndipo nikamjibu mwalimu yule kwamba neno analo tayari. Mbwa wake ni kilebu, na kilebu analia, ananjaa, anaogopa. Akipenda kutaja udogo wake, na amwite mbwa wa jamii ndogo. Neno la kuchezea aliache dukani.

Kuna na vitenzi viwili ambavyo yafaa tuvitenge: kufuga na kulea. Tunafuga ng'ombe, kuku na hata ndevu. Tunalea mtoto, mgonjwa na mche uliotoka kitaluni. Kufuga ni kuweka na kutunza. Kulea ni kumwangalia asiyeweza kujiangalia mpaka aweze. Kila kilebu, awe wa kigeni au wa kienyeji, huhitaji kulelewa kabla ya kufugwa. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Malezi yenyewe ni yapi? Kilebu huzaliwa kipofu na kiziwi. Macho hufumbuka baada ya siku 10 hadi 14 hivi. Hastahili kutenganishwa na mama yake kabla ya wiki nane, na walio wadogo zaidi hufaidika wakikaa hata wiki kumi au kumi na mbili. Muda huo si wa kunyonya tu. Ni katika kuchezacheza na ndugu zake ndipo hujifunza kuzuia meno yake, kwani akimuuma mwenzake kwa nguvu, mwenzake hulia na kuacha mchezo. Kilebu aliyenyakuliwa mapema huja kwetu bila somo hilo, nasi tukamshangaa anapouma.

Akishafika nyumbani, hatari ya kwanza kwa huyu wa jamii ndogo ni njaa. Kilebu wa wiki nane ambaye hajatimiza kilo 1 hana akiba ya nguvu mwilini. Akikosa chakula kwa saa chache, sukari katika damu hushuka, akaanza kulegea, kuyumba, kutetemeka, na asipowahiwa hufa. Kwa sababu hiyo hulishwa mara nne au zaidi kwa siku, kidogo kidogo, hadi apite umri wa miezi mitatu au minne. Dalili hizo zikionekana, apakwe asali kidogo kwenye ufizi, apashwe joto, kisha apelekwe kwa daktari wa mifugo bila kuchelewa. Maziwa ya ng'ombe, ambayo katika nyumba za Waorma na Wawardei ni chakula cha kila siku, humharisha kilebu, na kuharisha humkausha maji upesi. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vikali vinavyoweza kutoboa utumbo. Kitunguu, chokoleti na zabibu ni sumu kwake.

Hatari ya pili ni mikono yetu. Mifupa ya miguu yake ya mbele ni myembamba mithili ya njiti. Kuruka kutoka kitandani, au kuponyoka mikononi mwa mtoto aliyesimama, kwatosha kuivunja. Sheria ya nyumbani na iwe moja: anayetaka kumshika kilebu, aketi sakafuni kwanza. Kamba nayo ifungwe kifuani, si shingoni, maana koo la mbwa wadogo hulegea na kubanika kwa urahisi.

Hatari ya tatu ni minyoo. Vilebu wengi huipata kutoka kwa mama yao, kabla ya kuzaliwa au kwa kunyonya. Dawa huanza kutolewa wakiwa na wiki mbili, ikarudiwa kila baada ya wiki mbili mpaka waachapo ziwa, kisha kwa mpango wa daktari. Hili si jambo la mbwa pekee. Mayai ya minyoo hiyo yakiingia kinywani mwa mtoto anayecheza mchangani, yanaweza kumdhuru hata macho. Kinyesi cha mbwa kiondolewe, na mikono ioshwe.

Hayo yangesemwa popote duniani. Lakini tunazungumzia Garsen, na mahali pana masharti yake. Bonde la Mto Tana, mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, si zulia la sebuleni. Joto la mchana mara nyingi hupita nyuzi 30, na mbwa hatoi jasho mwilini mwake kama sisi. Hujipoza kwa kuhema. Kilebu aliyefungwa juani bila kivuli wala maji anaweza kufa kabla ya adhuhuri kuisha. Kuna kupe wanaoleta magonjwa ya damu. Kuna mbung'o, ambao huwaletea ng'ombe nagana. Mbwa nao huupata ugonjwa huo, na moja ya dalili zake ni macho kuingia ukungu. Fisi hupita usiku, mwewe hupita mchana, mamba wako mtoni. Na mto wenyewe hufurika. Mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998, yale ya 2018, na yale ya mwishoni mwa 2023 na katikati ya 2024 yaliwahamisha watu kutoka makwao kwenda nyanda za juu. Anayeondoka usiku na watoto na godoro huwakumbuka mbwa mwisho, na mbwa waliotelekezwa huanza kuzurura makundi makundi.

Wenyeji wa bonde hilo hawahitaji mgeni kuwafundisha thamani ya mbwa. Mpokomo mkulima huwajua nyani, tumbili na ngiri wanavyoweza kulimaliza shamba la mahindi kwa asubuhi moja, na anajua mbwa macho ana maana gani kwake. Mfugaji humjua mbwa anayebweka fisi anapokaribia zizi. Mbwa huyo wa kienyeji ni mvumilivu, na pengine ndiyo sababu tumemwachia ajilee mwenyewe. Hula makombo, hulala nje, hachanjwi. Sasa anapoingia mbwa wa thamani kubwa kutoka mjini, ghafla tunauliza chakula gani, chanjo gani, daktari yupi. Maswali hayo ni mema. Kosa ni kudhani kwamba yanamhusu huyo mgeni peke yake. Asiyemudu malezi ya mbwa wa jamii ndogo na amchukue kilebu wa kienyeji, ambaye hali ya Garsen ameizoea, lakini malezi ni yale yale.

Kuna wasomaji watakaonikumbusha methali isemayo kwamba ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini. Wakazi wengi wa Tana River ni Waislamu, na katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi wa pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi: chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Heshima ya sharti hilo haina mjadala. Lakini mafundisho hayo hayo yameruhusu mbwa wa shamba, wa mifugo na wa mawindo, na yanasimulia habari za mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumteremkia mbwa mwenye kiu kisimani akamchotea maji kwa kiatu. Watu wa Pangoni nao wametajwa pamoja na mbwa wao. Unadhifu na huruma havigombani. Nyumba inayojitahadhari na mate ya mbwa, ikamjengea banda lake nje, ikampa maji na kivuli, imetimiza mambo mawili kwa pamoja. Tena, kama tutakavyoona, tahadhari ya mate hayo ina hekima ambayo tabibu yeyote angeiunga mkono.

Nimefika kwenye kiini cha makala haya. Udogo wa kilebu hutudanganya katika jambo moja lenye uzito wa mauti, nalo ni kuumwa. Mbwa mkubwa akimuuma mtoto, mji mzima husimama. Kilebu akimuuma, watu hucheka. Jino lake ni dogo kama sindano, damu ni tone moja, na mtoto huambiwa asiwe mwoga. Lakini virusi vya kichaa cha mbwa havipimi ukubwa wa jino. Vimo katika mate, na tone moja latosha. Ugonjwa huu ulithibitishwa nchini Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa, karibu na Nairobi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na kwamba watu 4 kati ya 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto walio chini ya miaka 15. Hao ndio wanafunzi wetu. Dalili zikishaonekana kwa binadamu, karibu hapana anayepona.

Ajabu ni kwamba kifo hiki kinazuilika. Tarehe 6 Julai 1885 Louis Pasteur aliagiza kuchanjwa kwa Joseph Meister, mtoto wa miaka tisa aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, na mtoto akaishi. Zaidi ya karne moja imepita. Virusi kwa kawaida huchukua wiki kadhaa au miezi kabla ya kufika ubongoni, na muda huo ndio mlango wa wokovu. Aliyeumwa aoshe jeraha papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15. Si kwa kupaka pilipili, mafuta wala majani. Kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni mkwaruzo, akaanze sindano na azimalize zote. Mtoto aseme, hata kama alikatazwa kucheza na mbwa huyo. Mzazi anayemchapa mtoto kwa kuumwa anamfundisha kuficha, na siri hiyo inaweza kumgharimu uhai.

Kwa upande wa mbwa, kilebu huanza chanjo za magonjwa ya mbwa akiwa na wiki sita hadi nane, akazirudia mpaka wiki ya 16 hivi, na ile ya kichaa hutolewa kwa kawaida akiwa na miezi mitatu, kisha hurudiwa. Katika kampeni za umma Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba hata vilebu walio chini ya umri huo wachanjwe, wasiachwe nje kwa kisingizio cha udogo. Wataalamu wamethibitisha kwamba mbwa 70 katika kila 100 wa eneo wakichanjwa, mnyororo wa maambukizi hukatika. Serikali ya Kenya iliandaa mkakati wake mwaka 2014, ikiwa na shabaha ya kukomesha vifo vya binadamu vitokanavyo na ugonjwa huu ifikapo 2030. Mwaka huo u karibu.

Huduma za mifugo zilikabidhiwa kaunti chini ya Katiba ya 2010. Tana River ni kaunti kubwa, ina zaidi ya kilomita 35,000 za mraba, na sensa ya 2019 ilihesabu humo watu 315,943. Si haki kumtazamia mama wa Ngao au mchungaji wa karibu na Kipini afunge safari na mbwa wake hadi Hola kutafuta chanjo. Chanjo ndiyo imfuate mbwa, ifike Garsen, Minjila, Tarasaa na vijiji vya ng'ambo ya mto, siku inayojulikana, bila malipo. Ng'ombe wanapochanjwa, mbwa wa zizi wachanjwe siku hiyo hiyo. Vituo vya afya navyo visikose chanjo ya waliokwisha kuumwa, kwa sababu maskini hana nauli ya kuitafuta kituo hadi kituo.

Walimu wenzangu, sehemu yetu ni ipi? Sisemi tuongeze somo jipya; ratiba imejaa. Nasema tuitumie orodha ile ile. Siku ya kufundisha vikembe, mwalimu wa Kiswahili amalize kwa insha ya maelekezo: namna ya kumlea kilebu. Mwalimu wa sayansi aeleze safari ya virusi kutoka jerahani hadi ubongoni. Mwalimu wa hisabati awape wanafunzi kazi ya kuwahesabu mbwa wa vitongoji vyao na kutafuta ni wangapi kati yao wamechanjwa. Takwimu hiyo ikipelekwa kwa afisa wa mifugo itakuwa na faida kuliko hesabu nyingi za vitabuni. Tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Pasteur mwaka 1895, huadhimishwa kote ulimwenguni kuwa Siku ya Kichaa cha Mbwa. Shule moja ya Garsen ikiiadhimisha kwa kuwaleta mbwa ishirini wachanjwe, itakuwa imefundisha zaidi ya hotuba kumi.

Nanyi wanafunzi, msikubali kuwa maghala ya majina. Neno ni mkono unaonyesha. Anayeutazama mkono na asitazame unakoonyesha hajasoma neno hilo. Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, inayomlinda kilebu wa jalalani sawasawa na yule wa mkobani. Msingoje polisi waisome. Ukimwona mwenzako akimbeba kilebu kwa mkia, mweleze. Ukimwona kilebu peke yake barabarani, usimguse, mwite mkubwa. Na yeyote atakapokuuliza mtoto wa mbwa anaitwaje, mjibu kilebu, kisha umwulize nawe: wako amechanjwa?